Kisima Kilipoangukia Wadi Nyingine

Mjukuu wangu Hodan,

Assalamu alaykum. Mvua imenyesha hapa Hulugho, na mama yako amepona, alhamdulillah.

Umeniuliza kama majirani watabaki majirani, maadamu wadi yenu huko Uingereza imegawanywa katikati ya mtaa. Nilipokuwa msichana, yetu nayo iligawanywa, na kisima kikaangukia upande wa pili. Asubuhi niliwapeleka mbuzi kisimani, nikasimama mbali nikihofia kufukuzwa. Halima, mama wa upande ule, akaniita: "Mbona umesimama? Mpaka huu ni wa kura, si wa maji!"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Mbuzi wakanywa, nasi tukapiga soga.

Huyo Halima alikuwa na mtoto wa kiume. Ndiye babu yako.

Akupendaye,
Ayeyo Fatuma, bibi yako