Mwingereza Aliyeshona Buti Zako

Baba yangu mpendwa,

Wiki hii nimelitafuta jina la mtu niliyemwonea wivu tangu utotoni. Namsema Mwingereza wako, fundi aliyeshona zile buti za kahawia ulizochagua kwenye mitumba ya Kiloleli. Siku za mnada ulizivaa, siku nyingine ulizitundika kwenye banda letu la viatu hapa Bariadi kama picha ya harusi.

Kila mteja lazima azione. Ulipitisha kidole gumba kwenye mshono, ukatikisa kichwa: "Huyu ndiye fundi. Wabeja sana, ndugu yangu, popote ulipo." Mtu humjui, hajakuletea hata maji ya kunywa, unamshukuru kwa Kisukuma! Mimi niliyekaa kwenye kigoda pembeni yako, vidole vimetobolewa na sindano, nilipata neno moja tu: "Fumua." Nishone ndala, fumua. Nishone begi la shule, fumua.

Soli ya buti ya kushoto ilipoachia ulikuwa na homa, ukanipa niishone. Uzi mweusi ukaniishia, nikamalizia na ule wa buluu wa nyavu alioleta shangazi kutoka Kalemela. Uliutupia jicho tu. "Weka hapo, nitaufumua mwenyewe." Kesho yake nikakuta umeshabandika soli ya tairi juu yake. Nililia nyuma ya banda, nikijua kazi yangu iko jalalani.

Juzi alikuja afisa mifugo aliyehamishiwa hapa kutoka Moshi, mpenzi wa viatu vya zamani. Alitaka kuzinunua, ila kwanza amjue aliyezitengeneza. Ndani tulikuta neno England na namba ya mguu, basi. Kama palikuwa na jina, jasho lako limelifuta.

"Dada, wengine walipiga mhuri chini ya soli," akasema. "Hebu bandua hiyo tairi."

Nikabandua kwa pupa. Nilitaka hatimaye nimwone adui yangu.

Jina halikuwepo. Palikuwa na uzi wa buluu.

Mshono wangu, baba, wote, hadi pale mbele ninapobana kupita kiasi. Hukuufumua. Umetembea juu yake hadi minada ya Shishiyu, na hukusema kitu.

Nimefurahi, na wivu bado unaniwasha. Mzungu asiyekujua ulimshukuru mbele za watu, mimi ukanificha chini ya tairi. Ungeninong'oneza hata mara moja.

"Sasa tuseme alizishona nani?" afisa akauliza. Nikamwambia haziuzwi.

Nimezirudisha kwenye msumari wake. Ya kushoto sijaibandika tena tairi, nimeigeuza soli itazame nje. Wateja wakiuliza, napitisha kidole gumba kwenye uzi wa buluu, na kwa kuwa wewe hupo, najiambia mwenyewe: wabeja sana.

Pumzika, baba.

Binti yako, fundi