Kadi za Kupapasa

Embu, 4 Februari 1996

Mama yangu mpendwa,

Munene amekula ndengu mbichi. Sasa hivi tu. Nimegeuka kuzima stovu, kurudi nikamkuta ameing'oa kwa kadi niliyokuwa nimegundisha, gundi imejaa midomoni, ananichekea na meno yake mawili kama aliyefanya kazi nzuri. Nimemtolea kwa kidole.

Bwana asifiwe mama. Sisi tuko salama, Nyaga pia. Wewe uko aje? Macho je? Bado ule ukungu, ama dawa ya daktari wa Nkubu imesaidia hata kidogo?

Sasa sikia hiyo habari ya gundi. Tangu macho yako yafifie, dereva wetu wa bekari Mwaniki ndiye anakuandikia oda yako ya mikate ya kuuza sokoni, na uliniambia wakati mwingine anakuletea ya jana. Hilo lilinikaa rohoni. Nikasema, mama akiwa na kitu anachoweza kujua kwa vidole, hakuna mtu atamzunguka. Basi nimekata maboksi ya hamira nikatengeneza kadi. Yenye kamba ya katani ni ya mkate. Yenye ndengu ni ya skonzi, nimezipanga vile zinakaa kwa trei, moja katikati na zingine zimezunguka. Kadi moja ni trei moja. Unatumbukiza kwa sanduku lenye kufuli lililo kwa pikapu, na ufunguo uko na Njuki mwenyewe, mwenye bekari, atapakia mikate ya siku hiyo kwa hesabu ya kadi. Hata asiyejua kusoma anaweza.

Njuki alizigeuza-geuza akasema, "Wewe Purity, na ulikuwa unaosha matrei tu?" Ameahidi, kama maduka ya Kanyakine yatakuwa yanazitumia kufikia Pasaka, nitatoka kwa kibarua aniandike kazi ya oda. Nimempatia Mwaniki kadi zako na za wale mama wengine wa soko, pamoja na barua hii.

Mtoto wako,
Purity

Kanyakine, 19 Februari 1996

Purity,

Ni mama. Mimi nasema, Cicily wa kwaya anaandika. Tuko wazima.

Kadi za mkate nimepata. Zile za skonzi nimetoa kwa nyumba yangu nikatupa chooni, na mama wengine hapa soko wamekataa zao. Usitume tena. Nani alikufundisha kunipatia mtu kama mimi kitu kama hicho mkononi? Ni huko ulikoolewa, kwa kina Nyaga? Nauliza tu. Najua sikufurahia ulivyoenda huko, na wao wanajua.

Mchunge mtoto.

Mama

Embu, 27 Februari 1996

Mama mpendwa,

Natumaini uko salama, ingawa barua yako imeninyima usingizi. Hii natuma kwa posta. Sitaki ipitie kwa pikapu tena.

Mama, barua yako ilifunguliwa. Bahasha ilikuwa imegundishwa mara ya pili, na chini ya karatasi kuna kipande kimekatwa kwa makasi, sawa kabisa. Uliandika nini hapo? Mtu mmoja tu aliibeba.

Nilimngojea mlangoni akirudi. Nikamuuliza, "Mwaniki, mama yangu umemwambia nini kuhusu kadi?"

"Aa, mama wa kadi!" akacheka. "Huko wanasema umewatumia vitu vya shetani."

"Nani anasema?"

"Mimi ni wa usukani, dada. Maneno ya sokoni hayapandi gari langu."

Si unaona? Sasa kila kanisa linahubiri habari za waabudu shetani, ni rahisi sana kumtisha mtu asiyeona. Na ni nani anaumia kadi zikifanya kazi? Ni yeye na mikate yake ya jana. Nikaenda kwa Njuki nikamweleza yote, hata bahasha nikamwonyesha. Akamnyang'anya funguo za gari hapo hapo. Sasa Mwaniki anapasua kuni za tanuri, na Pasaka ikifika anafutwa kazi. Namhurumia mke wake. Lakini yeye alikuhurumia?

Kina Nyaga hawajanifundisha kitu. Mama yake amenishonea nguo ya mtoto. Tafadhali nijibu.

Mtoto wako,
Purity

Kanyakine, 20 Machi 1996

Mwanangu Purity,

Nakusalimu wewe na Munene, na pia mama ya Nyaga, umwambie hivyo. Nimechelewa kwa sababu ya aibu.

Mwaniki hakufungua barua. Makasi ni ya Cicily, na mimi ndiye nilimwambia akate. Nilikuwa nimesema kwa nini nimetupa kadi, bahasha ikafungwa. Halafu nikafikiria Munene atashika karatasi hiyo. Nikamwambia, fungua, kata, choma.

Hesabu ndengu zako, Purity. Hesabu pole pole.

Baba yako akihesabu mbuzi alikuwa akifika namba hiyo anasema "sita na mwenzake". Alikuwa mtu wa kanisa na bado hakuitaja. Kwetu ni namba ya wale wa kulaani, na mtu hawekewi mkononi. Nilipapasa nikafika mwisho, nikasema kidole kimekosea. Nikarudia. Mara ya tatu nilikaa chini. Nikafikiri, mtoto wangu amepewa kazi na watu wa mume, anitoe njiani. Nilifikiri hivyo juu yako. Nisamehe.

Wale mama wengine hawakuambiwa na mtu. Walihesabu.

Mwaniki alikuwa analeta mikate ya jana, hilo sijafuta. Lakini kosa la mkate si kosa la kadi. Yeye alikuwa ananishika mkono kuvuka mtaro. Huyu mpya anapiga honi tu.

Mama yako

Embu, 29 Machi 1996

Mama yangu mpendwa,

Habari ya siku? Munene ana mafua kidogo lakini anakula. Mama ya Nyaga amepokea salamu zako, akanikatia ndizi nikutumie.

Nilimwonyesha kadi pia. Akahesabu kwa macho tu akairudisha haraka. "Na wewe ulizaliwa wapi?" akaniuliza. Mama, nilikuwa naona trei. Kila siku naosha trei, sikuona namba.

Kadi zote zilizobaki nimeng'oa ile ya katikati. Trei itakaa na shimo, wacha ikae.

Nyaga anasema ninyamaze mpaka Pasaka ipite, niandikwe kazi kwanza, halafu niseme. Siku tatu nimemsikiza. Kila nikipita kwa kuni Mwaniki ananisalimia, "Sasa, mama wa kadi," bila kuinua macho, na mikono yake imepasuka. Najua Njuki hapendi mtu wa kusingizia. Anaweza kunirudisha kwa matrei, ama hata hapo asinitake. Lakini kazi ya oda nitaipokeaje na yule

Wanja wa duka la hapa bekari ananiita. Anasema Njuki amefika na yuko huko nyuma kwa kuni, na Mwaniki yuko. Ni vizuri wakiwa pamoja. Nimebeba barua yako, mama, nitamsomea pale pa makasi, na nitamwambia mbele ya Mwaniki kwamba aliyekosa ni mimi.