Kupe wa Tuatara na Jibu Nililompa Kereopa

Whakatū,
Nyuzilandi.
9 Julai 2021

Mpendwa mdogo wangu Rawiri,

Hujambo huko Kalgoorlie? Kifua chako kimetulia, au vumbi la mgodi bado linakukoholesha? Huku baridi imetubana, mvua haikatiki, na goti langu linanisumbua. Lakini tunapumua, tunamshukuru Mungu.

Najua bado umenikasirikia. Siku tuliyomzika kaka yetu Kereopa ulinipa mkono kama mgeni, ukaondoka kabla ya chakula. Binamu yetu Maraea ameniambia ulichosema: kwamba nilimvunja moyo mgonjwa ndiyo maana akafa. Simu zangu hupokei, basi nisome.

Ulikuwa umeshahama tulipowatoa tuatara, wale watambaazi wetu wa kale wafananao na mijusi, kisiwani Takapourewa kuwapeleka kisiwa kingine kilichoondolewa panya. Watu wa idara ya wanyamapori walitaka kila mmoja atolewe kupe kwanza. Maraea akawaunga mkono kwenye kikao cha ukoo wetu. "Kupe ni kupe! Mbwa wangu namtoa, sembuse hazina ya wazee wetu?"

Watu wakacheka. Kereopa akamwomba Daktari Tulloch, yule mama wa chuo kikuu, aeleze. Akasema kupe huyu hana haja na mbwa wala kondoo. Tangu utotoni mpaka anataga, damu yake ni ya tuatara tu. Wataalamu walikuwa wakimpanga na kupe wa nyoka na kenge wa nchi nyingine, wakambadilisha jina, wakambadilisha tena, mwisho wakaona hafanani na yeyote, wakampa ukoo wake peke yake. Na visiwa vingi vyenye tuatara havina tena kupe huyu.

"Mmesikia?" Kereopa akasema. "Hana ndugu mwingine duniani, halafu mnataka tumng'oe kwa kibano tumtie kwenye spiriti. Tuatara ni wetu, na anayemnyonya ni wetu. Hatumtupi ndugu kwa sababu ana sura mbaya."

"Ndiyo maana wewe hatukukutupa," Maraea akamrushia, na Kereopa mwenyewe akacheka.

Ikakubaliwa baadhi wahame na kupe wao. Kereopa aliwabeba tuatara wale kwenye mabomba ya karatasi ngumu, akiongea nao njia nzima ya bahari.

Baadaye moyo wake ukaanza kushindwa kazi. Miguu ikavimba, akawa analala ameketi. Kiangazi kilichopita Daktari Tulloch alirudi kwenye kisiwa kile kipya kuwakagua, akanipigia simu mimi ili nimfikishie mgonjwa. Tuatara ni wazima, wamenenepa, lakini kupe hakuna hata mmoja. Wanyama walitawanyika mno. Kupe wachanga walikaa chini wakingoja tuatara apite, na hakupita. Njaa iliwamaliza.

Maraea akaniambia, "Mwambie wapo. Mtu anakufa, Hūria, utapungukiwa nini?" Nikakubali. Niliingia wodini uongo ukiwa tayari mdomoni.

Kereopa akaniuliza, "Wapo?" Kabla sijajibu akaendelea, "Kama wapo, nataka wahamishwe wengine vilevile, wengi zaidi. Nitalisema hilo mbele ya wote kabla sijaondoka."

Ningefanyaje, Rawiri? Neno lake la mwisho lingefuatwa na kila mtu, na kupe wengine wangeenda kufa kule kwa sababu ya huruma yangu.

"Hawapo, kaka," nikamwambia. "Wamekufa wote."

Alilia. Hata tulipomzika mama sikumwona akilia. Akasema, "Kumbe nimewaua mimi." Nilimbishia, nikamshika mkono.

Asubuhi iliyofuata alituita mimi na Maraea. "Wenye kupe wasihamishwe tena. Waacheni walipo." Jumapili akafariki. Maraea hakukueleza maneno hayo.

Hakuyaeleza popote. Mwezi uliopita kikao kilikaa, maana wanataka kuhamisha wengine Novemba, madume makubwa, ambao ndio wenye kupe wengi. Wengi wakasema, kama kupe wanakufa tu, basi wote wang'olewe. Nilisimama nikatoa maneno ya Kereopa. Nikamtazama Maraea anisaidie. Akainama akakuna kiganja chake. Bila shahidi, nikashindwa.

Nilisema sitaenda kisiwani siku ya kuwang'oa. Sasa nimeghairi. Sisi hatumwachi maiti peke yake hata saa moja, na kupe hawa nao hawataondoka bila mtu wa nyumba yetu kuwepo. Nitakaa pale mpaka kibano kitakapomaliza. Njoo tukae wawili. Ukitaka usiniongeleshe, usiniongeleshe.

Msalimie mkeo Ngaire, na umbusu Mereana, umwambie shangazi yake anamkumbuka. Mjomba Hoani anakusalimu. Mungu akutoe salama kila uingiapo chini ya ardhi.

Ni mimi dada yako, ambaye hasira zako hazijapunguza upendo wake,

Hūria