Refa wa Mizani

Zagayu, 15 Julai 1996

Mdogo wangu Blandina,

Mwangaluka. Hapa kwangu watu wazima na ng'ombe wazima, isipokuwa dume mmoja ambaye si wangu na tayari ameliwa, nitafika kwake. Mama mkwe wako anaendeleaje? Mpe pole yangu.

Jana ilikuwa fainali ya Kombe la Dume pale Bariadi. Dume ametolewa na kampuni moja ya pamba, katika hizi zilizokuja na soko huria. Zamani tulikuwa tunaibiwa kwa utaratibu, sasa tunaibiwa kwa ushindani. Timu ya kampuni ikacheza na sisi Zagayu. Refa alikuwa Magese. Siku za kazi huyo ndiye mpima pamba wa kampuni. Anatazama gunia lako na kutamka: hii safi, hii fifi. Ukiambiwa fifi, umelima bure. Kwa hiyo kampuni ilitoa dume, ikatoa timu, ikatoa na refa. Sisi tulitoa miguu.

Dakika za mwisho hatujafungana. Mwanao Paschal akawapita wawili, wakabaki beki wao Jilala na kipa. Mpira ukaondoka, mguu ukabaki, Jilala akaupiga huo uliobaki. Mlio wake niliusikia nilipokaa, karibu kabisa na mstari. Magese akapuliza filimbi, akaja mbio. Tukajua penalti. Akatoa kadi ya njano, akamwinamia Paschal pale chini na kumwonyesha yeye, kwa kosa la kujiangusha. Kisha akamsubiri ainuke waendelee.

Mashabiki wetu, ambao humtukana refa hata kwa mpira wa kurusha, walinyamaza kama wako kanisani. Pamba yao haijapimwa. Kampuni ikapata bao lake, dume akachinjwa palepale, na watu wa Zagayu wakapanga foleni ya supu.

Mguu wa Paschal umevunjika. Yuko hospitali.

Kaka yako,
Ng'washi


Lamadi, 19 Julai 1996

Kaka Ng'washi,

Shikamoo. Mama mkwe anameza uji. Mimi nilikuwa sijambo mpaka dereva wa lori la dagaa aliponipa barua yako. Nimesoma refa, nimesoma dume, nimesoma supu. Nikageuza karatasi kumtafuta mwanangu, nikamkuta chini kabisa, kama mtu aliyekosa kiti.

Mguu upi? Umevunjika wapi? Nani analala naye hospitali? Anakula? Ningekuja mwenyewe, ila huyu mama hana mwingine wa kumgeuza kitandani. Niandikie mguu. Refa angoje.

Mdogo wako,
Blandina


Zagayu, 24 Julai 1996

Mdogo wangu,

Nimeipokea barua yako na viboko vyake. Nafurahi kusikia habari za uji.

Mguu ni wa kulia, chini ya goti. Mke wangu Nyanjige analala naye. Anakula, ila haongei. Daktari anasema mifupa imepishana, inataka kuwekewa chuma, na chuma kinawekwa Mwanza. Asicheleweshwe.

Sasa sikiliza. Kanuni za kombe zinasema mchezaji akiumizwa kwa faulo, kampuni itampeleka Mwanza na kumtibu. Akijiangusha, shauri lake. Kikao cha kamati ni Jumamosi ya tarehe tatu. Wanataka watu wawili wasimame waseme waliiona faulo. Wawili tu, katika uwanja uliojaa mpaka watoto wakapanda juu ya matrekta.

Nimezunguka kuwatafuta. Masele wakati huo alikuwa amegeuka kununua karanga. Salu naye, karanga. Nimekwenda nyumba kwa nyumba, wote karanga. Kwa hesabu yangu, muuza karanga wa Bariadi sasa anaweza kujenga kinu chake cha pamba.

Lakini hiyo si mbaya kuliko hii. Kumbe wapenzi wa timu yetu walikuwa wamemleta mganga, naye aliwaagiza wachezaji waruke uzio nyuma ya goli, asipite mtu getini. Paschal alitoka misa amechelewa, akapita getini. Basi wamepata pa kushika. Masele aliniambia hivi, uso mkavu: "Mzee Ng'washi, refa tumwonee bure? Kijana wako alipita getini. Wote tulimwona."

Hilo waliliona.

Kaka yako,
Ng'washi


Lamadi, 28 Julai 1996

Kaka,

Shikamoo. Za karanga zimenichekesha, na nilipomaliza kucheka nikajionea haya.

Wanatakiwa wawili. Masele hapana, Salu hapana. Na wewe? Ulikaa karibu na mstari, mlio uliusikia, umeniandikia kwa mkono wako. Barua mbili sasa unawapima wenzako safi na fifi, na wewe mwenyewe sikuoni popote.

Pamba yako imeshapimwa? Nijibu hilo kwanza. Salamu nitazipokea baadaye.

Blandina


Zagayu, 12 Agosti 1996

Mdogo wangu Blandina,

Ilikuwa haijapimwa.

Mpango wangu ulikuwa nipime Alhamisi, niseme Jumamosi. Niliuona mpango mzuri. Alhamisi nikafika na mkokoteni. Magese akanisalimia kwa heshima zote: "Shikamoo, mzee. Yako tutaitazama Jumatatu, kikao kikishapita. Leo mzani umechoka."

Nikarudi na mkokoteni, na barua yako mfukoni.

Jumamosi nilisimama. Nikasema nilichokiona na nilichokisikia. Mwenyekiti akauliza, "Na wa pili?" Masele akainama kukagua viatu vyake, ambavyo ni ndala. Ndipo mtu akasimama kule mlangoni, na alikuwa Jilala. Yule beki. Akasema, "Mimi ndiye niliyempiga. Mpira ulikuwa umeshapita. Niliuona umepita, nikapiga."

Kamati ikanong'ona, ikarudi na akili yake yote. Jilala ndiye mtuhumiwa, wakasema, na mtuhumiwa hawezi kuwa shahidi. Kwa hiyo shahidi ni mmoja, kwa hiyo hakuna faulo. Jioni ileile kampuni ikamwondoa Jilala kwenye timu na kwenye kazi yake ya kubeba magunia.

Jumatatu pamba yangu ikawa fifi yote. Gunia la pili Magese hakulifungua hata kamba. Nimeirudisha nyumbani, tunailalia. Ni laini.

Jana Masele alikuja na ujumbe wa wapenzi wa timu: wanamwombea Paschal apone, na wanaomba viatu vyake vya mpira, kuna mechi Jumapili. Nyanjige, aliyekuja kuchukua nguo, alimtoa kwa mwiko. Mimi nilishika mlango usijifunge.

Kampuni haitampeleka. Mtume dereva wako wa dagaa apitie Bariadi. Nitampakia Paschal mwenyewe, na nitakaa naye huko nyuma mpaka Mwanza.

Kaka yako,
Ng'washi


Lamadi, 6 Oktoba 1996

Kaka Ng'washi,

Shikamoo, na shikamoo kwa Nyanjige. Mama mkwe sasa anakaa mwenyewe na ameanza kunigombeza, kwa hiyo amepona.

Paschal yuko hapa tangu jana, na magongo mawili. Mifupa ilikuwa imeanza kushikana vibaya katika zile siku za vikao, wakaivunja upya ndipo wakaweka chuma. Atatembea, mguu ukiwa mfupi kidogo. Mpira basi. Daktari alilisema hilo huku akitazama dirishani.

Nimemsomea barua yako ya kikao. Pa pamba yako alifunika macho. Nilipofika pa Jilala akaniambia, "Rudia hapo, mama." Nikarudia. Nilitegemea atamtukana, na nilikuwa tayari kumsaidia.

Akasema, "Huyo hunikaba kila mechi, mama, na hunikaba vizuri. Siku hiyo alichelewa."

"Alikuvunja," nikamwambia.

"Alichelewa. Halafu akasimama."

Mimi bado sijasamehe. Nimeiona ile picha ya chuma ndani ya mfupa wa mtoto niliyemzaa. Lakini hapa mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, wanatafuta mtu wa kupakia dagaa, na mwanangu anashinda amekaa mlangoni bila mtu wa kubishana naye mpira. Mwambie Jilala apande lori la Jumatano, hapa kuna pa kulala. Salamu za wapenzi wa timu azishushe hukohuko Bariadi.

Mdogo wako,
Blandina