Dakika Moja ya Kumpigia Mama

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Natumaini goti limepoa na sasa unapanda ngazi bila kulitukana. Shemeji naye hajambo? Mwambie nimesikia ameacha sigara tena, na safari hii nampongeza mapema kabla hajazirudia. Mimi ni mzima wa mwili. Kazi ipo, lifti za watu hazichoki kuharibika, na chumba changu ni kilekile: kitanda, meza, jiko la sahani moja na dirisha linalotazama ukuta wa jirani.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi, na haya ninayotaka kukueleza, nikikatizwa katikati sitaweza kuyarudia. Umenitumia ujumbe kwamba Jumamosi unakwenda dukani kumkabili yule muuza simu aliyetuuzia simu ya mwanangu Jaji, na kwamba atakutambua wewe ni nani. Dada, nakuomba usiende. Soma kwanza mpaka mwisho, ndipo uamue wa kumkabili ni nani.

Nianze na simu yenyewe. Tulipomnunulia Jaji, mimi na wifi yako tulikuwa bado tunaishi chini ya paa moja, ingawa kila mtu alishakuwa na upande wake wa sebule. Wifi yako aliogopa mambo ya mtandaoni, akasema mimi ndiye mtu wa mashine, niiwekee breki. Nikakaa nayo mezani. Hapakuwa na cha kununua zaidi. Ndani ya mipangilio mna sehemu ya wazazi, imekuja na simu. Unaiunganisha simu ya mtoto na yako, unachagua aone nini, acheze nini, na kwa muda gani kila siku. Muda ukiisha, simu inajifunga. Mtoto akitaka nyongeza anabonyeza, ombi linaingia kwako, nawe unaruhusu au unakataa. Jaji alisimama nyuma yangu akitazama, mwisho akaniuliza na simu yangu mimi inafungwa na nani. Unamjua mwanao, hilo jina hatukumpa bure. Nikamjibu kwamba watu wazima hujifungia wenyewe. Akasema haoni ushahidi.

Tulipoachana tuligawana vitu bila kelele. Wifi yako alibaki na nyumba na mtoto, mimi nikachukua zana zangu na redio. Suala la nani anaisimamia simu ya Jaji hakuna aliyelikumbuka, kwa hiyo likabaki kwangu.

Mwanzoni nilikuwa nampigia kila jioni. Majibu yake yakawa yanapungua: ndiyo, hapana, nzuri, sijui. Ikafika mahali nasikia anahema tu, anangoja nimalize. Nikaona namchosha, nikaacha kupiga. Lakini maombi ya muda yaliendelea kuingia. Kuna nafasi ndogo ambayo mtoto anaweza kuandika sababu, na Jaji hakuwahi kuiacha wazi. Aliandika kwamba filamu imebaki kidogo na muuaji bado hajajulikana. Aliandika kwamba marafiki zake wawili wamegombana, yeye ndiye msuluhishi, na kesi haiwezi kuahirishwa. Siku moja aliandika kwamba hana sababu yoyote, anaomba tu. Hayo yalinikuta juu ya paa la jengo fulani, kwenye chumba cha mashine, mikono imejaa grisi, nikibonyeza kuruhusu kwa kifundo cha kidole. Mwenzangu wa kazi, tunayemwita Spana, alishanizoea. Akiniona nacheka peke yangu, anasema mahakama imekaa.

Sasa siku ile ya mvua. Baadhi yake umeshayasikia kwa wifi yako, lakini acha niyapange. Jaji alikuwa na mazoezi ya kwaya baada ya masomo, na mama yake angempitia akitoka kazini kwenye tanuri la mikate. Tanuri likaleta matata, mama akachelewa, akamtumia Jaji ujumbe kwamba amngoje ndani, kwa mlinzi. Ujumbe ulifika, lakini simu ilikuwa imeshajifunga. Jaji aliona jina la mama yake juu ya kioo, maneno hakuweza kuyafungua. Akajaribu kumpigia, simu ikakataa. Akanipigia mimi. Mimi nilikuwa chini kabisa ya shimo la lifti, na juu yangu kulikuwa na mzee wa watu amekwama na mizigo yake kati ya ghorofa mbili, anagonga mlango na kututolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Simu yangu ilikuwa ndani ya sanduku la zana, na kule chini mtandao haushiki hata ufanyeje.

Wenzake waliondoka mmoja mmoja. Alikuwa amesimama nje, upande wa barabarani, ambako mlinzi hakumwona, mpaka geti la shule likafungwa. Akaamua kutembea kwenda nyumbani. Mvua ikamchanganya, akapinda njia ambayo siyo, akajikuta kwenye mtaa wa magereji ambao hakuujua. Namba ya mama yake hana kichwani, nani siku hizi anazo namba kichwani? Bahati yake aliona taa ya duka la dawa, akaingia. Mama mwenye duka akampa kiti na koti lake, akamuuliza mama yake anafanya kazi wapi. Jina la tanuri la mikate Jaji alilijua. Wakapigiwa. Wifi yako alikimbia mtaa kwa mtaa akiwa na unga mpaka kwenye viwiko.

Mimi nilipotoka shimoni, yule mzee keshashuka na keshasahau kushukuru, nilifungua sanduku nikakuta maombi yamepangana. La kwanza lilisema, “Baba, mvua.” Lililofuata, “Baba, geti limefungwa.” Na la mwisho, “Baba, naomba dakika moja tu nimpigie mama.”

Nilikaa chini pale pale kwenye varanda ya jengo la watu. Spana alidhani nimepigwa na umeme.

Wote walisema simu imeharibika. Wifi yako alisema hivyo, na wewe ukasema hivyo, ndipo ukaanza kumtafuta muuza simu. Mimi nikasema ndiyo, vyombo vya siku hizi ndivyo vilivyo. Dada, simu haikuharibika hata kidogo. Ilifanya kila nilichoiambia.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiupunguza ule muda. Niliupunguza kidogo kidogo, mtoto asishtuke, kwa sababu akiwa na muda wa kutosha haombi, na asipoomba siku nzima inapita hakuna mtu aliyeniandikia neno. Mwanzoni simu ilifungwa usiku, baadaye jioni, mpaka ikawa inafungwa kabla hajafika nyumbani. Na si hilo tu. Simu ikifungwa, mzazi ndiye anayechagua mtoto aweze kumpigia nani. Mama yake alikuwemo. Nilimtoa. Nilijiambia ni kwa siku chache tu. Nilitaka mtoto akikwama, mtu wa kumwita niwe mimi.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kuwaambia, naona wifi yako hajakueleza. Wifi yako alinifungulia, akaniambia nisivue viatu kama sikai. Niliyasema yote nimesimama kwenye zulia la mlangoni. Yeye hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Aliingia jikoni akafungua bomba, maji yakatiririka bila yeye kuosha kitu.

Jaji alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi. Akauliza, “Kwa hiyo ulikuwa unanifunga ili nikuombe?”

Nikasema ndiyo.

“Si ungepiga simu tu?”

Nikamwambia niliogopa hatapokea. Alifikiri sana, unajua hatoi hukumu haraka, kisha akasema, “Siku nyingine nisingepokea. Lakini si zote.”

Nikampa wifi yako simu yangu, nikamwonyesha jinsi ya kuhamisha usimamizi uende kwake. Alinyoosha mkono bila kunitazama. Kulikuwa na swali la mwisho kama nina hakika, akabonyeza ndiyo yeye mwenyewe. Jaji alinisindikiza hadi kwenye ngazi, hakushuka nami.

Tangu hapo simu yangu iko kimya. Nikiwa kazini bado naitoa mfukoni, naitazama, nairudisha, na Spana anajifanya hakuona. Nilimpigia Jaji, hakupokea. Nikapiga tena siku nyingine, hakupokea. Juzi alipokea. Alisema ana kazi ya shule, nikamwambia sawa, mwanangu, fanya. Aliiweka simu mezani akasahau kuikata. Dada, na mimi sikukata. Nilisikia kalamu yake. Nilisikia sahani, nikasikia mama yake akiuliza nani kaificha chumvi, na Jaji akijibu kwamba chumvi haina miguu. Wakacheka. Nilikaa kitandani bado nimevaa viatu, nimeziba kinywa kwa mkono ili pumzi yangu isisikike kule, mpaka mtu mmoja, sijui nani kati yao, akaona simu inawaka akaizima.

Kesho nitampigia tena.

Basi, muuza simu mwache auze simu zake. Ukitaka kugomba, anwani yangu unayo. Mpe shemeji mkono wangu, na goti lako usilipeleke sokoni bila sababu. Mungu awatunze nyote hapo nyumbani.

Ni mimi mdogo wako,
uliyenifundisha kuandika