Kandambili Nyekundu za Jumanne

Dada Paskalina,

Shikamoo. Wenye elimu watasema marehemu hasalimiwi, lakini mimi elimu niliiacha darasa la sita nikaona imenitosha. Kwa hiyo nakusalimia, na marahaba yako naiitikia mwenyewe.

Ni mimi, Hamisi wa Sekenke. Yule mchimbaji uliyemkuta kwenye benchi la hospitali anawachekesha wauguzi huku ananuka gongo. Nakuandikia nimekaa juu ya ndoo, mdomoni mwa duara letu, hili shimo letu la dhahabu, na wenzangu wote bado wako chini kwenye mwamba. Jioni, wakishapanda, nina safari ya kwenda kwa Selemani. Wewe peke yako ungejua nakwenda kusema nini huko, nawe umelala Mtinko chini ya udongo.

Katika kile chumba chako cha hospitali kilichokuwa stoo ya ndoo na mafagio amewekwa mwanasaikolojia mmoja kijana kutoka chuo, mpole, viatu vinang'aa. Nilichungulia. Ana meza na pazia, lakini choroko hakuna. Nilicheka peke yangu pale koridoni. Nimetembea mimi, nimefika Kahama, Mwanza, hadi Lubumbashi, lakini mtu anayewafanya wagonjwa wa wilaya nzima wamchambulie choroko zake nilimwona mmoja tu. "Mikono ikipata kazi, mdomo husahau kujilinda," ulisema. Mjanja wewe.

Nianze na jambo baya kuliko yote. Siku niliyopigiwa simu kwamba presha imekuchukua, kabla sijalia, kabla hata ya kusema innalillahi, kitu kilipita kifuani mwangu kama mtu aliyetuliwa gunia. Nilijisikia nafuu. Dada, nafuu! Nikasema moyoni, sasa hakuna anayejua. Ndipo nikalia, nikalia mpaka watu wa karasha, wasaga mawe, wakazima mashine wanisikilize. Na huko msibani nilijifanya mwanaume kuliko wote, nikachimba nusu ya kaburi lako peke yangu, maana kuchimba sifundishwi na mtu. Kila nilipotupa koleo la udongo nilisikia: unaizika siri yako, Hamisi, chimba vizuri.

Habari yenyewe unaijua. Lakini sijawahi kuiandika, na leo nataka mdomo wangu uizoee kabla ya jioni.

Desturi ya maduara yetu ni kwamba anayeshuka anavua kandambili zake anaziacha mdomoni mwa shimo. Akipanda anavaa zake, anaondoka. Shimo likikohoa, yaani likiporomoka, mtu wa winchi, anayetushusha na kutupandisha kwa kamba, haulizi jina la mtu. Anatazama viatu. Kiatu kipo, mtu yuko ndani, chimbeni. Kiatu hakipo, mtu ametoka. Ndiyo rejista yetu, na haikuwahi kudanganya mpaka nilipoidanganya mimi.

Siku ile kwenye winchi alikuwa Selemani. Tulishuka wanne. Mchana tukapanda watatu kwenda kula, rafiki yangu Jumanne akabaki chini, akasema anamalizia kiroba kimoja. Nilikuwa wa mwisho kufika juu. Nikaziona kandambili zake mpya, nyekundu, alizonunua mnadani na kututambia wiki nzima kama mtu aliyenunua gari. Selemani alikuwa amegeuka, anapaka winchi grisi. Nikazivaa. Zangu kuukuu nikazitia kwapani, nikaenda kwa mama ntilie nikitembea kama bwana harusi.

Ugali haujafika mezani, ardhi ikatikisika.

Niliporudi mbio nilikuta shimo limeziba, vumbi limejaa, na Selemani anapiga kelele: "Hakuna kiatu! Wametoka wote!" Watu wanakumbatiana. Na mimi nikaamini, kwa sababu nilitaka kuamini. Nikajua Jumanne amepanda, amezikosa kandambili zake, sasa ananitafuta peku na matusi yake yote ya Kinyiramba. Basi nikajificha nyuma ya karasha ili utani unoge. Nilijiziba mdomo kwa mkono nisicheke, Dada. Nilijiziba mdomo.

Sijui nilikaa pale muda gani. Wewe uliniuliza mara tatu na mara zote nilikupa jibu tofauti.

Mpaka nikasikia mtu anauliza, "Jumanne yuko wapi?" Nikazivua zile kandambili, nikazitumbukiza kwenye kiroba, nikavaa zangu, ndipo nikatoka nikipiga yowe kwamba Jumanne hajapanda. Tulichimba mpaka kucha zikang'oka. Waliomtoa walisema mwili ulikuwa bado na uvuguvugu.

Selemani aliapa kwamba hakuona kiatu. Wakamwambia viatu vilimezwa na udongo, wewe ndiye hukutazama, ulikuwa unachezea grisi. Mamaye Jumanne akamwambia mbele ya watu, "Hata kuhesabu mpaka moja kumekushinda?" Na mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama kama hatua tatu kutoka kwake. Mimi ambaye sijawahi kukosa la kusema tangu nizaliwe.

Haya, ndiyo hayo uliyonichambulishia choroko miezi kadhaa kabla sijayatapika. Ulikuwa ukiacha mlango wazi hata wakati wa baridi, kwa sababu ukifungwa nilisikia mtu anagonga upande wa pili. Nilipomaliza kusema hukushtuka, wala hukuniambia si kosa langu kama wale waliokuja kuniombea. Uliokota kijiwe kwenye sinia, ukakiweka kando, ukasema, "Kumbe kilikuwa hiki." Siku ile nililala, usingizi wa kwanza wa maana tangu Jumanne afe.

Na kupona nilipona, nani atabisha? Gongo nikaacha. Nikatengeneza ule ubao wa misumari: kila mchimbaji ana kibati chenye jina lake, akishuka anakitundika, akipanda anakichukua mbele yangu nikimtazama usoni. Viatu havihesabiwi tena. Maduara ya jirani wakaja kuiga. Watu wenye usingizi mbaya wakaanza kunifuata, nami nikawaketisha na kuwapa maharage wachambue, nimekuibia ujuzi bila aibu. Nikaja kwako kifua mbele. Nikakwambia, Dada, nimepona, na kazi yangu hapa duniani nimeipata. Nilitegemea makofi.

Ukaendelea kuchambua. Ukasema, "Umepona nusu, Hamisi. Nusu nyingine iko nyumbani kwa Selemani."

Nikakuuliza kama wewe ni mwanasaikolojia au ni polisi. Ukasema siri ni yangu, kwako haitoki hata ukifa. Halafu ukaongeza, polepole, kama unajisemea mwenyewe, "Mimi simponyi mtu. Nakaa naye mpaka achoke kudanganya. Wewe bado una nguvu." Nikapiga teke sinia. Nilipotazama nyuma ulikuwa umepiga magoti, unaokota choroko moja moja sakafuni, na hukuniita. Sikurudi tena. Ndiyo mara ya mwisho kukuona ukiwa hai, na ndivyo nilivyokuacha, umepiga magoti.

Sasa sikiliza kilichonipata juzi. Mke wa Selemani, Mama Asha, alinifuata hapa hapa kwenye ndoo. Anasema mume wake anahesabu viatu. Kila mlango anaoupita anahesabu, akimaliza anaanza upya. Msikitini ameacha kwenda kwa sababu viatu ni vingi, hamalizi, na watu wanamcheka. Na sasa ilikuwa siku ya pili hali chakula. Anasema aliyeshindwa kuhesabu hana haki ya kushiba. Mama Asha akanishika mkono: "Shemeji, wewe ulipona kwa yule dada wa hospitali. Njoo umwambie alikwambia nini."

Alikwambia nini! Ungesikia ungecheka, au ungelia.

Nikisema, Selemani anaweza kunivunja shingo na hakuna wa kumlaumu. Wenzangu watanifukuza, na ubao wangu watauchoma wasongee ugali. Nisiposema, nitamzika na Selemani, na huko nako nitachimba nusu ya kaburi peke yangu ili watu wanisifu. Kiroba chenye kandambili kiko hapa miguuni pangu, sijakifungua tangu siku ile.

Wameanza kupanda. Kibati cha kwanza kimetoka. Cha pili. Naacha hapa.

*

Dada, ni siku ya tatu leo. Nimerudi kwenye karatasi hii.

Nilimkuta amekaa chini, mgongo ukutani, mashavu yameingia ndani, macho yako mlangoni. Unanijua, nilianza na utani. Nikamwambia amekonda mpaka kivuli chake kimemzidi uzito. Hakuna aliyecheka, hata mimi. Nikafungua kiroba, nikazitoa, nikaziweka sakafuni mbele yake. Wekundu umefifia kidogo, lakini ni zenyewe.

Selemani akazitazama. Akaanza, "Moja, mbili." Halafu akauliza, bila kuniangalia:

"Zilikuwa wapi?"

"Miguuni kwangu."

Nikamweleza yote, mama ntilie na karasha na mkono mdomoni. Sauti yangu nilikuwa naisikia kama ya mtu wa nyumba ya pili. Mama Asha alikuwa amesimama na bakuli la uji, akawa halishushi wala halinyanyui.

Selemani akasema, "Kwa hiyo nilipotazama, hazikuwepo."

"Hazikuwepo, kaka."

"Kwa hiyo nilihesabu sawa."

"Ulihesabu sawa."

Akamgeukia mke wake. "Mama Asha, umesikia? Nilihesabu sawa." Akarudia. Akarudia tena, kila mara sauti ikipanda, mpaka mwanamke akaweka bakuli chini na kujifunika uso kwa khanga.

Halafu akasimama. Mimi mjinga nikadhani anakuja kunikumbatia, nikafungua na mikono. Akaokota kandambili moja ya Jumanne akanichapa nayo usoni, mara mbili, kwa nguvu ambazo mtu asiyekula siku nne hatakiwi kuwa nazo. Sikuinua mkono. Akasema, "Toka nyumbani kwangu." Nikatoka. Nilifika barabarani ndipo mchanga wenye joto la mchana ukanikumbusha kwamba niko peku. Kandambili zangu nilizivua mlangoni kwake kwa heshima, na zimebaki pale.

Sasa nikupe habari. Ule uji aliunywa. Jana alikula ugali na mlenda, nusu sahani. Usidhani amepona, wewe mwenyewe ulinifundisha kutotangaza kupona kwa watu. Bado anahesabu, ila Mama Asha anasema sasa akimaliza anaacha. Nimemwendea yule kijana wa viatu vinavyong'aa, amekubali kumpokea Alhamisi, na nimemshauri anunue choroko. Ameandika kwenye daftari, masikini, kama dawa.

Wenzangu nimewaambia, wote, wakiwa wamekaa. Wawili hawanisalimii. Kazi ya kusimamia ubao wameninyang'anya wamempa mwingine, na mimi nimerudi kulisha karasha mawe. Lakini ubao hawakuuchoma, Dada. Asubuhi nikipita nasikia vibati vinagonga msumari. Kumbe kazi niliyodhani ni yangu inaweza kuendelea bila jina langu, na bado nikaipenda. Hilo hukunieleza. Au ulinieleza nikawa nacheka.

Amebaki mama yake Jumanne. Selemani amenitumia ujumbe kupitia kwa mke wake: "Kwa yule mama utakwenda na mimi, au huendi." Sijui anataka kunisindikiza au kunishuhudia nikiangamia. Nitakwenda naye hivyo hivyo. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mwamba.

Pumzika, dada yangu. Mavuno ya choroko yakitoka nitaleta debe zima Mtinko kwa binti yako. Nitazichambua mwenyewe, moja moja, magoti chini. Hiyo ni ahadi, na shahidi ni uso wangu, una alama ya kandambili mpaka sasa.

Na kitu kimoja cha mwisho. Mama Asha ameuliza kama aniletee viatu vyangu. Nimemwambia aviache palepale mlangoni, hata Selemani akivitazama kwa hasira kila asubuhi. Yeye ni mtu wa winchi, anaijua desturi kuliko mimi. Kiatu kikiwa mlangoni, mtu bado yuko ndani, na hakuna ruhusa ya kuacha kuchimba.

Ni mimi mdogo wako,
Hamisi, anayetembea peku Sekenke