Kisu Tulikiongeza Wenyewe

Jumanne, maji ya bamvua

Kumbe neno lenyewe lina kisu ndani yake, nami miaka yote nalisema tu.

Binti yangu Mwanaidi amepewa kazi ya shule: aeleze maana ya kukatisha tamaa, na asili yake. Akaniuliza mbona ni vibaya, ilhali madrasa wanafundishwa kwamba tamaa ndiyo mbaya. Nikampigia shemeji, mwalimu wao wa madrasa. Akasema neno tamaa tulilipata kwa Waarabu, ni kukitaka kitu na kukitazamia. "Hicho kisu cha kukata tulikiongeza wenyewe." Mtoto akaandika, akaridhika.

Mimi sikuridhika.

Asubuhi tumekuta mwani umeoza tena, mweupe, unateleza kama uji. Bahari imekuwa ya moto mno. Desturi yetu ni kukata palipoharibika na kuacha kipande kwenye kamba, kiwe mbegu. Leo Bi Zuhura, aliyetufundisha sote kilimo hiki, alikata kamba yenyewe kwenye kigingi.

Nikamwambia, "Mama, usitukatishe tamaa. Tunakutazama wewe."

Hakukasirika. "Tamaa bahari imekwisha kuikata, mwanangu. Mimi naokoa kamba, nikaanikie nguo."

Wenzangu nyuma sasa walikuwa wananitazama mimi. Akaninyooshea kisu.

Nikakipokea.

Sare ya Mwanaidi inakauka uani, kwenye kamba mpya. Hajaniuliza nimeitoa wapi.